Samli Kwenye Gurudumu la Kulia

Juzi mjukuu wangu mmoja, mwenye mkono mpana wa kupakua, alinimiminia samli juu ya wali, na mimi nikaisukuma sahani kabla hata sijatamka bismillahi. "Nyanya, kwani samli imekukosea nini?" akaniuliza, nusu anacheka. Nikamwambia inanipa kiungulia. Uongo mtupu! Tumbo langu halina neno, na meno yangu bado yanamenya muwa. Samli haijanikosea kitu. Mimi ndiye niliyemkosea mwenye samli, na kosa lenyewe nimezeeka nalo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Basi leo naufunua, na anayetaka kunicheka na acheke.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Tana mtakumbuka jinsi magari yalivyokuwa adimu enzi za Mwingereza. Sisi kwetu hasa ni Kinakomba, lakini baba aliteremka na mto akifuata kazi, tukahamia Wema, na huko akawa dereva wa pikapu ya mwenye duka mmoja wa Garsen. Ilikuwa ya kijani kilichopauka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya ukindu, na ukitaka iwake ulizungusha hendeli mbele mpaka jasho likutoke. Baba alibeba mpunga wa wakulima kuupeleka hadi kivuko cha Garsen, na nafasi ikibaki nyuma, alipakia na watu.

Alijivunia jambo moja: alijua kuliuliza gari maswali. Madereva wengine wakikwama walitukana, wakapiga magurudumu mateke, wakaita watu wasukume. Baba alishuka, akawasha kiko chake, akatazama kwanza. "Injini ikilia na magurudumu yasizunguke, ugonjwa uko kwenye klachi," aliniambia mara nyingi. "Magurudumu yakizunguka na gari lisiende, injini haina kosa, tafuta ardhini." Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, wala hakujali kwamba ni msichana. Aliniambia mambo yote hayo kana kwamba ipo siku nitashika usukani. Sikushika. Lakini maneno niliyashika yote.

Sasa niwaambie habari za Hawo. Zamani zile, kila nyumba ya mkulima kando ya mto ilikuwa na nyumba yake ya mfugaji. Si jirani, si ndugu wa damu, ila watu waliochaguana tangu mababu. Sisi Wapokomo tukivuna, wao hupata mahindi na ndizi. Wao Waorma wakiwa na ng'ombe waliozaa, sisi hupata maziwa na samli. Hakuna aliyepima. Nyumba yetu ilikuwa na Hawo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa pole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akikaa na mama uani walizungumza lugha waliyoitunga wenyewe, nusu Kipokomo, nusu Kiorma, na kilichobaki ni vicheko. Mimi nilimwita mama mdogo. Nilipougua surua yeye ndiye aliyelala nami kwenye mkeka siku tatu, maana mama alikuwa na mtoto mchanga.

Masika yale yalikuwa mabaya. Mto ulipanda, na kukawa na maneno kwamba mwenye kivuko atasimamisha kuvusha. Tena kulikuwa na ugomvi kijijini: ng'ombe wa Waorma walikuwa wameingia katika shamba la mpunga la mtu mmoja aitwaye Komora, wakalikanyaga nusu nzima. Hawakuwa ng'ombe wa kina Hawo. Lakini mtu aliyepoteza shamba hasomi alama za ng'ombe. Komora alipita kila baraza akisema wafugaji wote ni kitu kimoja.

Asubuhi ya siku ile baba alipakia magunia ya mpunga, na Komora na wakulima wengine wawili wakapanda nyuma kuusindikiza mpunga wao. Hawo naye akaja. Binti yake aliyeolewa Garsen alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na alikuwa amepungukiwa sana na damu. Hawo alikuwa akimpelekea samli. Kwao mzazi hulishwa samli mpaka arudishe mwili, na mama ndiye huipeleka kwa mkono wake. Alikuwa ameikusanya kidogo kidogo kutoka kwa ng'ombe wachache waliokuwa na maziwa, katika chombo cha kusukwa kilichofukizwa moshi, chenye kifuniko cha ngozi. Mimi nilikuwa natumwa kwa shangazi. Mama alininyanyua akanipakia, akamwambia Hawo, "Mtoto huyu ni wako mpaka Garsen." Hawo akakunjua ngozi yake ya ng'ombe juu ya magunia, akanikalisha kando yake.

Tulipofika mahali ambapo njia hushuka kwenye bonde la udongo mweusi, Hawo aligonga paa la gari. "Dereva! Njia ya ng'ombe iko juu. Hapa chini maji imelala." Akaonyesha kwa mkono tuta lenye nyasi upande wa kulia. Baba akatoa kichwa dirishani akacheka. "Mama, hili ni gari, si ng'ombe." Komora akacheka zaidi, kicheko cha kuumiza. Hawo akarudisha mkono wake ndani ya shuka.

Hatukwenda mbali. Gari lilipinda kiuno, nyuma ikaenda kushoto, injini ikanguruma, tukasimama. Wote tukashuka kwenye matope. Baba akawasha kiko.

"Habiba," akaniita, "simama pale nyuma, mbali kidogo. Nitatia gia. Uniambie gurudumu lipi linazunguka."

Lo, nilivyovimba kichwa! Watu wazima wanne wamesimama, na mimi ndiye niliyepewa kazi. Akatia gia, akaachia klachi polepole. Gurudumu la nyuma la kushoto likazunguka mbio na kurusha tope mpaka kwenye koti la Komora. La kulia, lililokuwa limekanyaga pembezoni mwa lile tuta, halikutikisika.

"La kushoto linazunguka!" nikapiga kelele. "La kulia limelala!"

Baba akazima, akashuka, akawaeleza wale wanaume. Alisema nguvu ya injini hugawanywa nyuma kwenye difu, na ni nguvu mvivu: hukimbilia upande wenye ulaini. Kushoto ni tope tupu, kwa hiyo nguvu yote imekwenda huko kuzunguka bure. Kulia ni pagumu, lakini hapapati kitu. "Kushoto tukipafanya pagumu, yote mawili yatavuta," akasema. Na tairi lenyewe lilikuwa kipara, mistari yake imekwisha kama soli ya kiatu cha tarishi. Baba alikuwa ameomba matairi mapya, tajiri akamwambia angoje. Akapunguza upepo kidogo ili tairi litandazike. Akawaambia wasogeze magunia yote nyuma kabisa yakae juu ya magurudumu. Kisha akachukua panga, na wanaume wote wanne wakaenda kukata matawi ya mikoma na miiba ya kutandika upande wa kushoto.

Tulibaki mimi na Hawo. Jua lilikuwa limepita kichwani. Aliteka maji kwenye dimbwi, akatawadha, akatandika shuka yake kwenye nyasi hatua kama ishirini kutoka kwenye gari, akasimama kuswali adhuhuri. Chombo cha samli alikiacha garini.

Hapa ndipo inabidi mnielewe nilivyokuwa nikifikiri, ingawa kueleweka si kusamehewa. Kwetu kitu kikubwa kinapokwama kwenye tope ni mtumbwi. Maji yakipungua, wanaume huuvuta mtumbwi kutoka mtoni kuupeleka ziwani, na hutanguliza mashina ya migomba yenye maji, na tumbo la mtumbwi hupakwa mafuta ya kambare. Kazi ya kupaka tulipewa sisi watoto kwa kuwa mikono yetu midogo hupenya chini. Ukipaka vizuri, mtumbwi huteleza, na watu hupiga vigelegele na kukutaja jina. Sikuwahi kuona kitu kilichokwama ambacho hakikutolewa kwa utelezi. Baba alikuwa amesema la kulia halipati kitu. Mimi niliona limeshikwa. La kushoto si lilikuwa likizunguka vizuri? Basi mgonjwa ni lile la kulia, limegandamana na ardhi, na baba mwenye akili zote zile amekwenda kulitibu lile zima.

Nilifungua kile kifuniko cha ngozi. Sikusita. Nilijua ni samli ya mzazi, nilijua imetoka wapi, na nilijiambia mama mdogo atafurahi akiona gari limetoka. Nilichota kwa mkono, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, nikapaka lile tairi la kulia, juu, pembeni, na chini kabisa lilipokutana na ardhi. Nyasi nazo nikazipaka. Niliona paji la uso la Hawo likigusa ardhi kule kwenye swala yake, nami nikaongeza. Chombo kilipobaki robo, nikakifunika, nikajifuta mikono kwenye nyasi, nikaenda kusimama mahali pangu.

Nilitaka kumshangaza baba. Kwa hiyo sikumwambia kitu.

Wakarudi, wakatandika matawi kushoto, wakachimba tope mbele ya gurudumu. Baba akaingia, akatia gia ya pili, akakanyaga mafuta kidogo tu kama alivyozoea. Gurudumu la kushoto likauma matawi, likajivuta kidogo. Na la kulia likaanza kuzunguka. Nyinyi, nilirukaruka! "Limeamka! Baba, limeamka!" Nilidhani ninaona ushindi. Gari likateleza pembeni, likaacha tuta, na gurudumu la kulia nalo likaingia kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Injini ikazimika.

Baba alishuka na uso ambao sijawahi kuuona. "Haiwezekani," akasema. "Pagumu hapatelezi." Akachungulia kwenye difu, akapapasa breki, akarudi akapiga magoti kwenye tope, akapitisha kiganja kwenye tairi. Akakinusa. Akanusa tena.

"Samli," akasema.

Komora akageuka polepole akamtazama Hawo, aliyekuwa bado na shuka yake ya kuswalia begani. Akapanda garini, akakichukua kile chombo, akakitikisa sikioni. Kilikuwa chepesi, kila mtu aliona.

"Haya!" akasema Komora. "Si mmeona? Kwanza ng'ombe, sasa samli. Sisi tumekwenda kukata matawi, nani amebaki na gari? Eti naswali! Wewe mwanamke, hutaki mpunga wetu ufike?"

"Mimi hapana mwaga," akasema Hawo. "Wallahi. Mimi naswali."

"Basi nani? Shetani?"

Hawo alitaka kusema zaidi. Nilimwona akitafuta maneno ya Kiswahili, na maneno yakamkimbia, kama yalivyomkimbia siku zote akishtuka. Akasema kitu kwa Kiorma, na hakuna aliyekielewa ila mimi kidogo. Alisema: hiyo ilikuwa ya mwanangu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaelewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba nimeharibu gari la baba, nimemaliza samli ya mzazi, na kwamba ngumi za Komora zimekunjwa. Niliogopa fimbo ya baba. Niliogopa zaidi asije akaniona mjinga, mimi jicho lake. Ndivyo nilivyopimana na nafsi yangu, na ndivyo nilivyochagua. Nikasogea nikasimama nyuma ya Hawo, maana ndipo mtoto aliyetishika hukimbilia.

Akanishika mikono. Labda alitaka kunituliza tu. Lakini vidole vyake vilisimama kwenye vyangu, vikateleza, akaviinua viganja vyangu akavitazama, vinang'aa jua likivipiga, na nyuzi chache za nyasi zimevigandia. Kisha akanitazama usoni. Hakunikazia macho. Hakutikisa kichwa. Alikuwa ananingoja, basi. Alinipa muda wote ambao mtu anaweza kumpa mtoto, na watu wanamtukana.

Nikaangalia chini.

Akachukua pindo la shuka yake, akanifuta viganja, kidole baada ya kidole, mbele ya watu wote. "Muone!" akasema Komora. "Amempaka hata mtoto wa watu." Baba akaja akanivuta mkono kuniondoa kwake.

Baba ndiye niliyemngoja aseme kitu. Alikuwa mtu wa haki. Lakini alikuwa amecheka aliposhauriwa apite juu, na sasa gari limezama chini mbele ya mashahidi, na tajiri atauliza. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Hawo, ungeniambia kama una kinyongo." Kisha akaloweka kitambaa kwa petroli akaanza kusugua tairi.

Alisugua, akatia mchanga, akajaribu. Likateleza. Ardhi yenyewe pale ilikuwa imelowa mafuta na tope, na matawi yote yalikuwa yamekwisha kuzama kushoto. Ndipo Hawo akapanda garini bila kumwomba mtu ruhusa, akaitoa ile ngozi ya ng'ombe tuliyokuwa tumeikalia, akaiburuta mpaka kwenye gurudumu la kulia, akaipenyeza chini, manyoya juu. Alichafuka mpaka mabegani. Baba akatia gia ya pili. Gurudumu likayauma manyoya, likashika, na gari likapanda lile tuta likinguruma. Ngozi ilitoka nyuma imepasuka vipande viwili. Hakuna aliyesema ahsante. Aliviokota vipande vyote viwili.

Tulikiwahi kivuko. Gari likavuka, mpunga ukafika. Hawo alishuka Garsen na robo ya samli kifuani, akaenda zake kwa binti yake bila kugeuka.

Kama ingeishia hapo, labda ningejitetea kwa utoto. Lakini Komora aliieneza habari ile Garsen nzima kabla jua halijatua. Tajiri alipomuuliza baba kwa nini kachelewa, baba alijibu neno moja, samli, na tajiri akatukana wafugaji. Ikawa kila gari likikwama kati ya Wema na kivukoni watu wanasema, "Hawo amepita." Wanawake waliokuwa wakinunua maziwa yake wakaanza kuyanusa kwanza. Binti yake alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, maana sijui ningeishi vipi. Lakini jina la Hawo halikupona.

Na mama. Mama aliposikia, hakuamini siku mbili. Siku ya tatu aliamini, kwa sababu aliyemwambia ni baba, na kwa sababu mimi, niliyekuwako, nilipoulizwa nilisema, "Sijui, nilikuwa nacheza." Mama alilia kama mtu aliyefiwa. Baada ya majuma machache Hawo alikuja mlangoni na kibuyu cha maziwa, kama zamani. Mama alimwona kwa upenyo wa ukuta. Akanisukuma mgongoni. "Mwambie sipo."

Nikatoka. Tulikuwa wawili tu pale mlangoni, mama yuko hatua tatu nyuma ya ukuta wa udongo, anasikia kila pumzi. Neno moja lingetosha. Hawo akanitazama vilevile kama siku ile, bila haraka.

"Mama hayupo," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaondoka na maziwa yake. Hakuja tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, nikaolewa nayo, nikazaa nayo, nikajenga nayo nyumba Tarasaa. Baba alikufa akiamini ni Hawo. Mazishi yake yalijaa watu wa mto mzima, na jioni moja ya matanga mama alikuwa akiwataja waliofika, mmoja mmoja, kama wajane wafanyavyo. Kisha akasema, "Hata Hawo. Hata leo hakuja."

Kumbe miaka yote alikuwa bado anamngoja. Sijui ni nini kilichonivunja, kifo au neno lile. Nilimwambia yote palepale, toka mtumbwi mpaka mlangoni. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Nilimfungia mlango kwa ajili yako?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani. Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na kwa muda wote huo hakulitaja jambo lile mbele yangu, hata kwa fumbo.

Siku eda ilipokwisha, alioga, akavaa, akasema, "Vaa viatu."

Tulimkuta Hawo kwenye boma lao nje ya mji, amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya mikeka, macho yameingia ukungu. Alisikia nyayo. "Nani?"

"Ni mimi. Mama Habiba."

"Na nani?"

"Na Habiba."

Hawo akageuza uso upande wa nyayo zangu. "Amesema?" akauliza.

"Amesema."

"Lini?"

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nimeishika miguu yake. "Mama mdogo, nisamehe." Nililia mpaka nikakosa pumzi, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Alipapasa mpaka akakipata kichwa changu, akauweka mkono wake pale. Ulikuwa mwepesi. "Ule mtoto mimi nilisamehe siku ile ile," akasema. "Mtoto aliogopa. Nikangoja yeye kwa gari, nikangoja yeye kwa mlango. Si neno, mtoto." Mkono ukaondoka. "Huyu mtu mkubwa, mimi hapana jua yeye."

Akamwita binti yake. Alikuwa yule yule mzazi, sasa naye mzee. Akamwambia kitu kwa Kiorma. Kwao mgeni hupewa maziwa kabla hata hajaulizwa habari za safari, na adui akiketi mlangoni, naye hupewa.

Kilikuja kikombe kimoja. Binti akakiweka mikononi mwa mama. Hawo akasogea kwenye mkeka, akampigapiga mama gotini, akamwonyesha mahali pa kukaa, na mama akakaa bega kwa bega naye kama walivyozoea uani kwetu. Mama alikunywa nusu. Akanitazama pale chini nilipokuwa. Kisha akainua kikombe, akamaliza.